Chupa ya Bangalore kwa Pua ya Okoth

Wenzangu wa Kehancha, mmeniuliza mmoja mmoja na kwa makundi kilichotokea Homa Bay, na kila nikijibu kwa mdomo mnanikatiza kuuliza kama chupa ilibaki na kitu. Kwa hiyo naandika. Karatasi haikatizwi.

Niwajulishe kwanza Okoth ni nani, maana wengi mmemsikia jina tu. Tulisoma naye biashara kule Bangalore, India, tukipanga chumba kimoja kwa mzee aliyestaafu kazi ya reli. Mzee huyo alikuwa na mapenzi mawili duniani: mkewe, na wiski ya nchi yake, ile ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, isiyochanganywa na ya kwingine. Mkewe alikuwa ameshafariki. Jumapili jioni alitumiminia kidogo sana, kiasi cha kumkasirisha mtu, kisha akatukataza kunywa mpaka tuseme tumenusa nini. "Mkitaka kulewa, nendeni barabarani," alikuwa akisema. "Hapa tunanusa."

Mimi napanga majani ya tumbaku kwa madaraja, pua ndiyo jembe langu, lakini Okoth alinishinda na nalisema hilo shingo upande. Aliporudi nyumbani alifungua hoteli ya samaki Homa Bay, na akaiendesha kwa pua. Asubuhi alifunua mashavu ya samaki, akanusa, akachukua au akaacha. Mwaka jana alishikwa na mafua mabaya. Mafua yalipona, pua haikurudi. Chumvi, sukari, ndimu na pilipili ulimi wake unavijua bado, lakini harufu hakuna. Siku moja aliwapikia wageni wa harusi samaki aliyeharibika, wakaugua tumbo pamoja na bwana harusi mwenyewe. Tangu siku ile Okoth hakuchagua tena samaki kwa mkono wake, na mwisho akasema hoteli anamwachia mtu anayetaka kuigeuza ukumbi wa mchezo wa pool. Mtu huyo angekuja Jumapili moja ya mwezi uliofuata kuchukua funguo.

Ndipo mkewe, Akinyi, akanipigia simu.

"Shem, daktari alisema tumjaribu na harufu kali, zenye anakumbuka. Nimemnusisha vitunguu, mafuta taa, Jik ya kutoa madoa, mpaka soksi zake mwenyewe. Wapi! Kila siku ni kuongea tu juu ya ile wiski yenu ya India, ile ya moshi. Itafute, tafadhali. Ulete kabla huyo mtu wa Sunday afike."

Jinsi nilivyoiagiza siwaelezi. Ilichosha kuifanya na itachosha kuisoma.

Kehancha hadi Migori

Chupa ilikuwa ikinisubiri Migori, kwa hiyo kutoka nyumbani nilisafirisha pua tu. Niliitunza. Sikukanyaga banda la kukaushia tumbaku, sikula kitunguu, na siku ya safari nilijifunga kitambaa usoni ili moshi wa pikipiki usiniharibie kazi. Gati, aliyenibeba kwenye boda yake, alinitazama akasema anaona aibu kuonekana na mimi, lakini biashara ni biashara.

Mbele kidogo tulizuiwa na ng'ombe. Walikuwa wengi na hawakuwa na haraka. Mwenyewe, mzee aliyevaa koti zito kwenye jua kali, alikuja kusimama kando yetu akanitazama kitambaa.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Ninahifadhi pua."

"Unahifadhia nani?"

"Rafiki yangu wa Homa Bay. Yake haifanyi kazi."

Mzee alifikiri. Ng'ombe nao walikuwa wakifikiri.

"Sasa utamwazima?" akauliza.

Gati alicheka mpaka pikipiki ikazimika, na ikakataa kuwaka. Tuliisukuma hadi kwenye mteremko. Nilifika Migori nikihema kwa mdomo, jambo ambalo, ukilitazama vizuri, liliipumzisha pua.

Migori, dukani kwa Salim

Mzigo wangu ulikuja pamoja na vipuri vya pikipiki vya Bwana Salim, mtu wa Malindi mwenye duka karibu na stendi, muungwana ambaye nikiongea naye huona Kiswahili changu kimevaa ndara. Alinipokea kwa mikono miwili. Sanduku alikuwa ameliweka juu kabisa, kwenye rafu ya mswala wake na chupa zake za marashi.

"Nimekutunzia vyema," akasema. "Nimeona yatoka India, nikajua ni manukato ya thamani. Nimemwambia hata mke wangu, huyu Marwa mkewe ana bahati."

Mtu mwenye akili angeshukuru akaondoka. Mimi nilisema, "Si manukato, Bwana Salim. Ni wiski."

"Wiski."

"Ndiyo."

"Ndugu yangu, wiki nzima naswali chini yake."

Hakunigombeza. Aliniomba nipande mwenyewe kwenye ngazi niitoe, kwa kuwa yeye hataigusa, kisha akatwaa ndoo na kitambaa akaiosha rafu yote, taratibu, nami nimesimama pale na sanduku kama mtu aliyekuja kuchumbia bila mshenga. Alipomaliza aliuliza ni ya nini. Nikamweleza habari za Okoth tangu mafua hadi mtu wa pool.

Salim aliketi. Akasema babake alikuwa mpishi wa pilau za harusi, na uzeeni alipoteza macho lakini hakuacha kupika, kwa sababu pua ilikuwa nzima. "Ungemwondolea pua," akasema, "tungemzika." Aliniletea mahamri na chai ya tangawizi. Nilijaribu kuikataa chai kwa ajili ya pua, uso wake ukabadilika, nikainywa. Tangawizi hiyo ilinikaa puani hadi Awendo.

Wakati wa kuagana alinipa karafuu kwenye karatasi. "Atafune asubuhi. Chupa hiyo siwezi kuiombea dua, wallahi. Mgonjwa nitamwombea."

Migori hadi Ndhiwa

Ilikuwa Ijumaa, na nilipanga kulala Homa Bay. Nilipata nafasi ya mbele kwenye pikapu ya Mzee Ouma, aliyekuwa akipeleka magunia ya pumba za ng'ombe. Nilimwona ni dereva mzuri asiyependa maneno. Kilichonishangaza ni kwamba alitazama jua mara nyingi kuliko barabara.

Katikati ya mashamba ya miwa gurudumu lilipasuka. Jeki ilikuwepo, mpini wa jeki haukuwepo. Mwenye shamba aliyekuwa karibu alituletea jembe, tukalijaribu, likavunjika, na ikabidi tukae tumpe pole ya jembe lake. Alitupa miwa tutafune wakati mtu amekwenda kuazima mpini. Niliitafuna kwa furaha, kwa kuwa muwa hauna madhara kwa pua. Mzee Ouma hakutafuna. Alikuwa akilitazama jua likishuka.

"Kuna shida, mzee?"

"Mimi ni Msabato," akasema. "Jua likitua, na mimi natua."

Nilidhani ni namna ya kusema. Tulipoondoka aliendesha kwa kasi iliyonifanya niikumbatie chupa kifuani, na tulipofika Ndhiwa, jua likigusa miti, aliegesha mbele ya nyumba ya muumini mwenzake, akazima gari, akashuka.

"Mzee, Homa Bay si iko hapo mbele tu?"

"Itakuwa hapo mbele hata Sunday," akajibu.

Nilimpigia Akinyi. Akasema, "Mama yangu anakaa hapo Ndhiwa. Nenda ulale kwake. Lakini Shem, na yeye ni Msabato. Hiyo kitu usimfiche, atajua."

Ndhiwa

Mama yake Akinyi alinipokea mlangoni akiwa ameshavaa nguo za ibada. "Karibu, wuoda," akasema, yaani mwanangu, na kabla sijaketi akaelekeza kidole kwenye sanduku. "Hiyo ni nini?"

"Mama, ni pombe. Ni ya kumnusisha Okoth, pengine pua itafunguka."

Alilizunguka lile sanduku kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari.

"Kwa hii nyumba haiwezi kulala."

"Naelewa, Mama."

"Na nje wataiba."

Ikalala kwenye kibanda cha kuku, ikiwa imefunikwa gunia. Tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa mchana ili Sabato isikute moto, pamoja na viazi vitamu baridi. Nilimsikia jogoo akilalamika kwa muda mrefu, kisha nadhani walizoeana.

Jumamosi nilitaka kuondoka asubuhi. Mama alinitazama tu, nikaenda kutafuta shati safi. Kanisani walisimamisha wageni. Mama akanitambulisha: "Huyu ni Marwa, anatoka Kehancha, anapelekea mkwe wangu dawa." Kanisa likasema amina. Mzee wa kanisa, mtu makini, akauliza ni dawa ya kumeza au ya kupaka.

"Ya kunusa," akasema Mama bila kupepesa.

Likasema amina tena, na nyimbo zikaendelea. Niliketi pale nikiwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuombewa wiski na kwaya nzima. Wakati huohuo nilikuwa nimeshikwa na hofu ya kweli. Siku ilikuwa inaisha, na kesho yake mtu wa pool angechukua funguo, na mimi nilikuwa nimekaa Ndhiwa, nimeshiba viazi.

Jua lilipotua na Sabato kuisha, Mama aliniita kwenye kibanda cha kuku. Alilitoa sanduku mwenyewe, akaliweka juu ya kigoda, akanyoosha mikono bila kuligusa.

"Baba," akaomba, "hii kitu unajua siipendi. Huyu mkwe wangu, tangu aoe mtoto wangu sijakula samaki yake hata siku moja, kwa sababu mkwe ni mkwe, na sitakula. Lakini watu wengine wale. Usifunge hiyo hoteli. Kama unaweza kutumia punda, tumia na hii."

Nilisema amina kwa sauti kuliko nilivyosema kanisani.

Ndhiwa hadi Homa Bay

Jumapili alfajiri nilichukua boda ya kijana mmoja aitwaye Otieno, mwenye maswali. Kabla hatujafika Rodi alikuwa ameshajua ninachobeba. Alitaka kujua kwa nini nimeenda mbali hivyo wakati jirani yake anatengeneza chang'aa nyuma ya nyumba.

Nikamweleza. Kule Uskoti, baridi ni kali, pipa la wiski linalala miaka mingi kabla ya kuiva. Bangalore kuna joto. Joto la mchana linaingiza wiski ndani ya mbao za pipa, ubaridi wa usiku unaitoa, kila siku hivyo, na ndani ya miaka michache imeshachukua utamu wote wa mbao. Hasara yake ni moja: kila mwaka sehemu kubwa inapaa, inapotelea hewani.

Otieno alipunguza mwendo. "Omera," akasema, yaani ndugu yangu, "inapaa?"

"Inapaa."

"Na hao watu wanaangalia tu?"

"Wanaangalia. Hawana la kufanya."

"Huku kwetu," akasema, "tungeweka mtu akae hapo juu mdomo wazi."

Hakusema kitu kingine hadi ziwa lilipoonekana. Nilifikiri amechoka na mimi, lakini alipokuwa ananishusha akauliza pole pole kama kiwanda hicho huajiri watu wa nje.

Homa Bay

Mtu wa pool alikuwa ameshafika. Bwana mmoja mnene, mpole, akipima sakafu kwa hatua na kuomba radhi kila alipogonga kiti. Okoth alikuwa ameketi kwenye meza ya pembeni na funguo mbele yake. Amekonda. Aliponiona alisimama akanikumbatia, kisha akarudi nyuma akacheka.

"Marwa, wewe unanuka tumbaku siku zote. Leo nakushika tu, sijui hata ni wewe."

Nilitaka kulia. Badala yake nilifungua sanduku.

Akinyi alikuwa jikoni anakaanga samaki wa chakula cha mchana, na mimi nikajifanya yule mzee wetu wa reli. Nikatangaza kwamba hii si pombe ya kuburudika, ni kazi ya pua, kwa hiyo wote tuketi meza moja, hakuna kusimama, hakuna kutembea, hakuna kuongea mpaka nimalize.

"Shem, samaki iko kwa moto."

"Punguza moto, uje."

"Shem..."

"Akinyi, wewe ndiye uliniita."

Akaja, akifuta mikono kwa leso. Mtu wa pool naye akaketi, kwa sababu hakujua kama amri ilimhusu.

Bilauri za maana hazikuwepo, tukatumia zile ndogo za chai. Nilimimina kiasi cha kumkasirisha mtu. Nikanywa wa kwanza, kama desturi inavyomtaka aliyeleta kinywaji, kutoa uchawi. Nikaweka matone ya maji, nikawaambia washike bilauri kwa kiganja ipate joto, na pua zisizame, zikae juu ya ukingo tu, mdomo ukiwa wazi kidogo.

Wenzangu, ilikuwa nzuri. Nasema kama mtu wa kazi. Kwanza embe lililoiva likalala siku moja zaidi, kisha ganda la chungwa, kisha asali, halafu nyuma yake moshi, kwa kuwa shayiri hii waliikausha kwa moshi. Moshi mtamu, wa jikoni kwa mtu unayempenda. Nilijisahau pale ndani ya bilauri.

"Mimi napata vanishi," akasema mtu wa pool. "Samahani."

"Mimi napata kanisa jipya," akasema Akinyi. "Zile viti. Na kitu kama ndizi." Alikuwa amefumba macho. Nadhani alifurahi na hakutaka ijulikane.

Okoth alinusa mara ya kwanza, akatulia. Akanusa tena. Akafanya yote sawasawa, mkono, kiganja, mdomo, kama mtu anayeimba wimbo wa shule. Sote tuliinama juu ya bilauri zetu tukijidai hatumtazami.

"Inaniuma tu pua," akasema. "Kama pilipili. Hakuna kitu, omera."

"Ngoja kidogo. Onja."

Akaonja. "Moto. Na utamu kidogo. Basi." Akaiweka bilauri mezani kwa adabu. "Asante kwa kuja. Umetoka mbali."

Nilimpa karafuu za Salim. Akatafuna, akatikisa kichwa. Nilijisikia mjinga wa kutoka Kehancha na kitambaa usoni, na nilihuzunika, nasema wazi, kuliko nilivyohuzunika siku tulipompoteza yule mzee wa reli. Okoth alizisukuma funguo kuelekea kwa mtu wa pool. Mtu wa pool hakuzishika mara moja. Akinyi alikuwa anatazama bilauri yake. Nilinusa yangu tena, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikapata embe.

"Akinyi," akasema Okoth.

"Eeh."

"Samaki inaungua."

Hakuna aliyesogea. Mimi, mpanga tumbaku, nilikuwa nimezamisha pua kwenye embe na asali. Mtu wa pool alikuwa kwenye vanishi yake. Upepo wa ziwani ulikuwa unatoka mlangoni kuelekea jikoni, na moshi ulikuwa haujafika kwetu. Niligeuka nikauona utepe mwembamba ukianza kupita chini ya pazia.

Akinyi alisimama kwa haraka, akapiga hatua mbili, akasimama tena. Akageuka akamtazama mumewe.

"Umesema nini?"

"Inaungua. Upande wa mkia." Okoth alikuwa anasema polepole, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza simu ya mbali. "Na mafuta ni ya zamani, Akinyi. Nilikwambia ubadilishe mafuta."

Akinyi aliketi chini, palepale, sakafuni.

"Iwache," akasema. "Iwache iungue."

Okoth aliinuka akaenda jikoni, nasi tukamfuata, mimi na mtu wa pool tukigombania mlango. Sufuria ilikuwa inafuka nyeusi. Aliinama juu yake, uso ndani ya moshi, akavuta pumzi, akakohoa, akavuta tena. Ule moshi ulitutoa wote machozi, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kueleza ya kwake. Mtu wa pool alikuwa akiniuliza kwa kunong'ona kama kuna wakati mwingine mzuri wa kuja kuona jengo, au aache tu.

Samaki aliisha akawa mkaa. Okoth akanyoosha mgongo, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Weka ingine," akamwambia mkewe. "Na hiyo pia uiunguze."